Farasi wa karatasi hawapandi Ngomo

Ugomvi huanza na karatasi. Mwenye jeep ya mazutu amemlipa fundi ili abadilishe programu ya kalkulateri, ile kompyuta ndogo inayoamuru motere. Fundi anamrudishia gari pamoja na karatasi yenye mistari miwili ya rangi: shevo 140 zamani, shevo 181 sasa. Juma mbili baadaye, mwenye gari anapima kwingine, na mashini ya pili inasema 151. Hapo sauti zinapanda. Mmoja anasema ameibiwa, mwingine anasema mashini ya yule wa pili ni mbovu. Majirani wanakusanyika, na kila mmoja ana shemeji ambaye gari yake iliongezwa nguvu na sasa inapanda mulima kama inashuka.

Mfano huu unaweza kutokea Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Lubumbashi, na pia Nairobi, Bruxelles ao London. Kila mahali ambapo nguvu ya motere inauzwa kama bidhaa, watu wanapigana juu ya kipimo chake. Lakini mashariki mwa Congo ugomvi huu una uzito wa pekee. Gari ya mazutu hapa si mchezo wa siku ya Jumapili. Inabeba viazi, mbao, maji ya kunywa, wagonjwa na abiria. Ikikufa katikati ya mulima, kuna familia ambayo haitakula vizuri kwa miezi kadhaa.

Ndiyo maana jambo hili linastahili kusemwa waziwazi: shevo zilizoandikwa kwenye karatasi bila kueleza zilipimwa namna gani haziwezi kuwa ushahidi. Na anayeuza nguvu ndiye mwenye deni la kuonyesha kwamba nguvu hiyo iko.

Kinachouzwa ni nini

Katika motere za mazutu za kisasa, kalkulateri ina majedwali mengi ambayo mafundi huita ramani. Majedwali hayo yanaamua mazutu kiasi gani iingie kwenye silinda, iingie saa gani, kwa mkandamizo gani, na turbo isukume hewa kiasi gani. Fundi anayepanga upya kalkulateri anasoma faili ya zamani kwa laptop, anabadilisha namba ao ananunua faili iliyokwisha kubadilishwa, kisha anairudisha ndani ya gari. Kazi yenyewe inaweza kumalizika kwa saa moja.

Si uongo kwamba nguvu inaweza kuongezeka. Kiwanda huacha nafasi kidogo, kwa sababu kinajenga motere moja kwa ajili ya inchi nyingi, zenye joto na baridi, mazutu nzuri na mbaya, bahari na milima, na kwa madereva wasiobadilisha mafuta ya motere kwa wakati. Fundi anayejua kazi yake anaweza kuchukua sehemu ya nafasi hiyo. Lakini nafasi hiyo haikuachwa bure. Iliwekwa kwa ajili ya siku mbaya, na barabara za Kivu na Ituri zimejaa siku mbaya.

Pia kuna magari ambayo hayana cha kupangwa upya. Motere ya 1HZ ya lita 4,2, ambayo imesukuma Land Cruiser nyingi za kazi kwa miaka mingi, haina turbo, na pompi yake ya mazutu ni ya kimashini. Anayeahidi kuiongezea shevo kwa laptop anauza upepo. Fundi anaweza kufungua bisi ya pompi ili mazutu iingie nyingi zaidi, lakini hewa haitaongezeka. Mazutu isiyopata hewa ya kutosha inatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, na mwenye gari analipa moshi huo kila anaposimama kwenye stasioni.

Karatasi mbili, kipimo kimoja

Turudi kwenye 181 na 151. Namna gani mashini mbili zinaweza kutofautiana kwa shevo 30 juu ya gari moja? Jibu linashangaza: zinaweza kuwa zimepima kitu kilekile.

Mashini ya kupimia nguvu, ambayo wengi wanaiita dino, inapima kwenye magurudumu. Gari inapanda juu ya rola, magurudumu yanazungusha rola, na mashini inahesabu. Tuseme mashini zote mbili zilikuta shevo 126 kwenye magurudumu. Lakini namba ya kiwanda ni ya motere yenyewe, kabla nguvu haijapita katika bwati ya vitesi, ekseli na mataira, ambamo sehemu fulani hupotea. Basi fundi wa kwanza na wa pili wote wanaongeza asilimia 20 kwa kukadiria upotevu huo. 126 inakuwa 151. Wa pili anasimama hapo. Wa kwanza anaendelea: anasema muji uko juu sana, hewa ni nyepesi, lazima kusahihisha, na anaongeza asilimia 20 nyingine. 151 inakuwa 181.

Shevo 55 kati ya hizo 181 hazikupimwa na mtu yeyote. Zilizaliwa kwenye kibodi.

Na ile 140 ya zamani? Mara nyingi inatoka kwenye kitabu cha kiwanda, haikupimwa siku ile. Gari iliyotembea kilometa 300 000, yenye sindano zilizochoka na filta iliyoziba, inaweza kuwa ilikuja na 125 ao chini yake. Inaweza pia kuwa ilikuja na zilezile 151. Bila kipimo cha kabla ya kazi, hakuna anayejua fundi aliongeza nini, hata fundi mwenyewe.

Kuna na mitego mingine midogo. Shevo 136 za Kifaransa ni kilowati 100, lakini kilowati hizo 100 ni farasi 134 tu za Kiingereza. Anayechanganya vipimo anapata ao anapoteza bila kugusa motere. Kifaa cha kupima joto kikiwekwa karibu na motere inayochemka, mashini inaamini kwamba hewa yote ya garaji ni moto, na inaongeza shevo za fidia. Mataira yasiyojazwa vizuri, kamba zilizokazwa sana, feni ndogo mbele ya radiateri, vitesi tofauti: kila kimoja kinasogeza namba.

Hewa ya Goma si hewa ya Mombasa

Hoja ya kusahihisha hewa si ya kijinga, na ndiyo sababu inadanganya vizuri. Kwenye usawa wa bahari, mkandamizo wa hewa ni karibu milibari 1013. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari, na huko mkandamizo uko karibu 845. Ni kusema sehemu moja kati ya sita haiko tena. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini zaidi, karibu metre 780, na hewa yake ni nzito kidogo. Motere isiyo na turbo inayotoka Uvira kwenda Bukavu inapoteza nguvu njiani kadiri inavyopanda, na hakuna fundi wa kulaumiwa.

Kwa hiyo wataalamu waliweka kanuni ili gari iliyopimwa mulimani iweze kulinganishwa na iliyopimwa pwani. Kanuni ya Kijerumani ya DIN inahesabu kwa milibari 1013 na joto la digrii 20. Ile ya Kimarekani ya SAE inahesabu kwa milibari 990 na digrii 25. Hapo tayari kuna namba mbili tofauti kwa motere moja, na zote mbili ni halali.

Lakini turbo inabadilisha mambo. Kazi yake ni kukandamiza hewa, na mulimani inazunguka mbio zaidi ili kufidia ile iliyopungua. Motere ya mazutu yenye turbo haipotezi nguvu sawasawa na isiyo na turbo. Kuisahihisha kwa hesabu ya motere isiyo na turbo ni kuilipa mara mbili: turbo imekwisha fidia, na karatasi inafidia tena. Tena kanuni zenyewe zina mpaka. Kwa motere za mazutu, kipimo kinachotaka kusahihishwa kupita asilimia 10 hivi hakihesabiwi tena kuwa kipimo safi. Anayeongeza 20 amekwisha kutoka nje ya kanuni anayodai kuifuata.

Hatari kubwa iko mbali na karatasi. Faili nyingi za kupanga upya zinatengenezwa Ulaya, kwa magari yanayotembea karibu na usawa wa bahari. Faili hiyo ikiamuru turbo ifikie mkandamizo mkubwa, turbo ya pale pwani inafika bila shida. Turbo ya Goma lazima izunguke mbio zaidi kufikia amri ileile, kwa sababu inaanza na hewa kidogo. Inachemka, bearing zinakwisha, na siku moja mabawa yake yanavunjika. Ikiwa turbo haifiki na mazutu inaendelea kuingia, moto unapanda ndani ya silinda, na pistoni ao kichwa cha motere ndicho kinalipa. Siku hiyo ya kupima kwenye rola, gari ilisukumwa kwa sekunde chache tu, bila mzigo nyuma. Mulima wa Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, hauombi sekunde chache.

Siku rola zilipodanganywa

Wale wanaoamini kwamba mashini haiwezi kudanganywa wanapaswa kukumbuka habari ya Volkswagen. Tarehe 18 Septemba 2015, shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza kwamba magari ya mazutu ya kampuni hiyo yalikuwa na programu inayotambua wakati gari iko kwenye rola za kupimia. Kwenye rola, motere ilifanya kazi kwa usafi. Barabarani, programu ililegeza usafishaji, na magari yalitoa gesi za naitrojeni hadi mara 40 kuliko sheria ya Marekani inavyoruhusu. Magari karibu milioni 11 ulimwenguni yalikuwa na programu ya namna hiyo. Waliosaidia kufichua ukweli ni watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vifaa vya kupima nyuma ya gari na kutembea nayo barabarani. Barabara ilisema kile ambacho rola zilificha.

Mwaka wa 2017, kampuni hiyo ilikubali makosa mbele ya mahakama ya Marekani na kutozwa faini ya dola bilioni 2,8 katika kesi ya jinai.

Sehemu ya pili ya habari hii haijulikani sana, na ndiyo inayogusa Kivu. Ili kutengeneza magari hayo Ulaya, kampuni iliweka programu mpya: kupanga upya kalkulateri, kazi ileile inayofanywa magarajini. Wenye magari wengi walilalamika kwamba gari halikuwa tena lilelile. Wateja wa Austria wakafika mahakamani, na tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikatoa uamuzi. Ilionekana kwamba programu mpya ilisafisha moshi kikamilifu pale tu joto la nje lilikuwa kati ya digrii 15 na 33, na gari likiwa chini ya metre 1000 juu ya bahari. Mahakama ilisema kwamba programu ya namna hiyo ni kifaa cha kukwepa sheria, na kwa kanuni hairuhusiwi.

Metre 1000. Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi zote ziko juu ya mpaka huo. Gari yenye programu hiyo ikifika kwenye miji hii, usafishaji wa moshi wake hautafanya kazi kikamilifu hata siku moja. Na magari ya zamani yanafika kweli: ripoti ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ya mwaka wa 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yakiuzwa toka inchi moja hadi nyingine kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 hivi ya hayo yaliingia Afrika.

Moshi hauulizi nani alilipa

Pamoja na shevo, mara nyingi fundi anapendekeza kitu kingine: kuondoa filta ya masizi na kufunga njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya motere. Anasema mazutu ya hapa ni chafu, filta itaziba, gari itakataa kwenda. Haongopi kabisa. Filta hizo zilitengenezwa kwa mazutu ya Ulaya, ambayo tangu 2009 hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa kwa milioni, na kwa magari yanayokimbia kwenye barabara nzuri hadi filta inapata moto na kujisafisha. Gari inayotambaa kwenye mashimo ya muji haipati moto huo.

Lakini hoja hiyo ina nusu nyingine. Inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia mazutu isiyozidi sehemu 50 za salfa tangu 2015. Congo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka wa 2022, na mazutu nyingi ya mashariki inapita kwenye bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Basi swali la mazutu safi linapaswa kuulizwa kwa wanaoagiza na kwa wanaopaswa kukagua. Kutoboa filta ya kila gari ni kuwasamehe.

Na anayekula moshi si mwenye gari aliyefunga vioo. Ni motari aliye nyuma yake, mama anayeuza ndizi kando ya barabara, mtoto anayetembea kwenda shuleni. Tangu Juni 2012, shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa limeweka moshi wa mazutu katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Hili si tatizo la maskini peke yao: mnamo Novemba 2020, EPA ilikadiria kwamba Marekani peke yake, pikapu zaidi ya 550 000 za mazutu ziliondolewa vifaa vya kusafisha moshi ndani ya miaka kumi. Tofauti ni kwamba huko garaji inayoshikwa inatozwa faini kubwa. Huku, moshi mweusi unaonekana bado na watu fulani kama alama ya nguvu. Ni alama ya mazutu iliyonunuliwa na haikuchomwa.

Mkataba wa mistari mitano

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ya matajiri, kwamba fundi wa mtaani hana mashini na mteja hana muda. Lakini kinachohitajika hakigharimu feza nyingi. Kinahitaji karatasi na ukweli.

Kwanza, gari ipimwe kabla na baada, kwenye mashini ileile, siku ileile, kwa vitesi vilevile. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo habari ya maana. Namba moja peke yake haisemi kitu. Pili, karatasi ionyeshe shevo za magurudumu zisizosahihishwa, kisha kila kilichoongezwa na sababu yake, pamoja na joto na mkandamizo wa hewa wa siku hiyo. Tatu, faili ya zamani ya kalkulateri ihifadhiwe, na mteja apewe kopi yake, ili gari iweze kurudishwa ilivyokuwa. Nne, fundi aandike alichobadilisha na alichoondoa. Filta iliyotolewa kimya ni wizi, hata kama gari inakimbia. Tano, waandike nani atalipa turbo ao motere ikivunjika ndani ya muda waliokubaliana.

Pale ambapo hakuna mashini ya kupimia, mulima upo. Gari ileile, mzigo uleule, dereva yuleyule, kilima kilekile, saa mkononi, na hesabu ya litri zilizotumika kutoka stasioni hadi stasioni. Si kipimo cha maabara, lakini hakina kibodi. Na kwa mwenye gari ya kazi, litri na dakika zina maana kuliko shevo.

Mteja naye ana wajibu wake. Asiyebadilisha filta ya hewa, anayebeba tani mbili juu ya gari ya tani moja, anayemwomba fundi «aweke yote» kisha anakuja kulia motere ikipasuka, hana haki ya kumlaumu fundi peke yake. Fundi mzuri ni yule anayeweza kusema hapana, na mteja mwenye akili ni yule anayerudi kwake kwa sababu ya hapana hiyo.

Wanaotoa vyeti vya ukaguzi wa magari nao hawawezi kubaki watazamaji. Wanatoza feza kila mwaka juu ya magari haya. Kuangalia moshi wa gari inayopigwa gesi mbele ya macho yao hakuhitaji teknolojia ya Ulaya.

Mafundi wa mazutu wa mashariki mwa inchi hii wameweka barabarani magari ambayo kiwanda chenyewe kingeyatupa. Ujuzi huo ni mali, na unaharibiwa na wachache wanaouza namba. Mafundi wenye heshima wana faida kubwa kuliko wote katika kudai vipimo vya wazi, kwa sababu mahali ambapo kila karatasi inaaminiwa, mwongo na mkweli wanalipwa bei moja. Mteja aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia mara moja hatarudi kununua, hata kama siku nyingine gunia lina ng'ombe.